Sahani na Jasho: Kila Kimoja na Kazi Yake

Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika kwa Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Wahadza waliopimwa wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuokota matunda na kurina asali. Wanaume walikuwa wakitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku. Wanawake walitembea karibu kilomita 6, na juu ya mwendo huo kuna kazi ya kuchimba mizizi kwenye ardhi ngumu na kubeba watoto na kuni. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake, akiwemo mwanaakiolojia wa Tanzania Audax Mabulla, waliwapa watu wazima 30 maji maalumu yenye haidrojeni na oksijeni nzito kuliko za kawaida, kisha wakachukua mkojo wao kwa siku kadhaa. Namna haidrojeni na oksijeni hizo zinavyotoka mwilini huonyesha ni kiasi gani cha kaboni dioksidi mtu ametoa kwa kupumua, na hapo hujulikana ameunguza kalori ngapi.

Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, Wahadza walionekana kuunguza kalori sawa na watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wameketi.

Matokeo haya yanapaswa kumtuliza kila mtu aliyekimbia asubuhi miezi mitatu mfululizo, akapanda kwenye mizani, akakuta kilo moja tu imepungua, akajiona mvivu au mwongo. Mwili haubadilishi jasho kuwa kilo kirahisi hivyo. Wahadza hawana vitambi, lakini wembamba wao hauelezwi na mwendo peke yake. Chakula chao ni mizizi yenye nyuzinyuzi nyingi, ubuyu, matunda ya porini, nyama na asali ya msimu, na hakuna mahali porini pa kununua maandazi manne na chupa ya soda kwa dakika mbili.

Pontzer alikuja kupendekeza kwamba mwili una bajeti ya nishati. Ukitumia zaidi kwenye misuli, unabana matumizi kwingine, pengine kwenye uvimbe wa ndani kwa ndani, homoni za msongo na vitu vidogo kama kutikisatikisa miguu na kunyanyuka nyanyuka. Wataalamu bado wanabishana ubanaji huo ni mkubwa kiasi gani. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2021 uliotumia vipimo vya watu wazima 1,754 ulikadiria kwamba kwa wastani asilimia 28 ya kalori za ziada zinazounguzwa na mazoezi hufidiwa na mwili siku hiyohiyo, na wenye mafuta mengi mwilini hufidia zaidi. Yaani anayehitaji sana mazoezi yampunguze ndiye anayepunguzwa kidogo zaidi. Sioni haki katika hilo, lakini ni vizuri mtu alijue mapema kabla hajaanza kujilaumu.

Hata bila kufidia, hesabu yenyewe ni ngumu. Mtu wa kilo 80 akitembea haraka kwa saa nzima huunguza kama kalori 250 zaidi ya zile ambazo angeunguza akiwa ameketi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Akitembea saa moja kwa siku 5 kila wiki, bila kuongeza hata tonge moja, atahitaji zaidi ya wiki sita kuondoa kilo hiyo. Upande wa pili, chupa ya soda ya nusu lita ina kalori zipatazo 200. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina karibu 120. Chapati moja ya mafuta na kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari hurudisha ile saa nzima ya kutembea, na huliwa kwa dakika tano.

Kisha kuna njaa. Mwaka 2009 Timothy Church na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa wanawake 464 waliokoma hedhi, wenye uzito uliozidi na wasiozoea mazoezi. Waligawanywa kufanya mazoezi ya viwango vitatu, kwa wastani dakika 72, 136 na 194 kwa wiki, kwa miezi sita, huku kundi la nne likiendelea na maisha yake. Kundi la kwanza lilipungua kilo 1.4, la pili 2.1, na lile lililofanya mazoezi mengi kuliko yote likapungua kilo 1.5. Lilipungua nusu tu hivi ya kilichotarajiwa kwa jasho lile. Maelezo yanayoingia akilini zaidi ni kwamba bila kujua, wanawake wale walikula zaidi kidogo. Sahani huongezeka pole pole, na anayeiongeza hana habari.

Basi kama lengo ni kupunguza kilo, sahani ndiyo yenye nguvu. Hilo si jambo la kubishania tena. Je, ukiunganisha sahani na jasho, unapata nini zaidi?

Jaribio lililoliuliza swali hili kwa usafi zaidi, kwa maoni yangu, lilifanyika Baton Rouge, jimbo la Louisiana, likachapishwa mwaka 2006. Watu 48 wenye uzito uliozidi waligawanywa makundi manne. Mawili ndiyo yanayotuhusu. Kundi moja lilipunguziwa asilimia 25 ya kalori kwa chakula pekee. La pili lilipunguziwa asilimia 12.5 kwa chakula, na asilimia 12.5 nyingine ikaunguzwa kwa mazoezi, takriban dakika 50 kila mara, siku 5 kwa wiki. Pengo la kalori lilikuwa lilelile, na kwa wiki nyingi chakula kilitoka kwenye jiko la watafiti, hivyo ubabaishaji ulikuwa mdogo. Baada ya miezi sita kundi la chakula pekee lilikuwa limepungua asilimia 10.4 ya uzito, na lililounganisha asilimia 10. Hata mafuta ya mwili yalipungua kwa kiasi kilekile.

Mtu akiishia hapo atasema mazoezi ni kazi bure. Lakini tazama walichokipata waliofanya mazoezi: walikula zaidi kuliko wenzao, wakapungua sawa nao, na uwezo wa moyo na mapafu yao kufanya kazi ukaongezeka, kitu ambacho kundi la chakula pekee halikukipata. Kwa anayeishi na njaa ya kupunguza uzito, ile nusu ya makato aliyoruhusiwa kuila ni jambo kubwa.

Utafiti mwingine, wa Seattle, ulipanga mambo tofauti. Wanawake 439 waliokoma hedhi walifuatwa kwa mwaka mmoja, na safari hii mazoezi yaliongezwa juu ya chakula kilichopunguzwa, hayakuchukua nafasi yake. Waliofanya mazoezi tu walipungua asilimia 2.4, waliopunguza chakula tu asilimia 8.5, na waliofanya yote mawili asilimia 10.8. Ukiweka Baton Rouge na Seattle pamoja, mkanganyiko unaoonekana magazetini unatoweka. Mazoezi yakichukua nafasi ya sehemu ya njaa, kilo zinazopungua hubaki zilezile. Yakiongezwa juu ya njaa ileile, kilo zinazopungua huongezeka kidogo. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliojumlisha majaribio kadhaa ya namna hii uliona jambo lilelile likichukua muda: katika miezi mitatu hadi sita, kuunganisha hakukuwa na tofauti na kupunguza chakula pekee, lakini kufikia mwezi wa 12 waliounganisha walikuwa mbele kwa kilo 1.7 hivi.

Kilo 1.7 kwa mwaka mzima wa jasho. Nani angeinuka alfajiri kwa ajili ya hizo? Hapa ndipo ninapoona kosa kubwa katika namna tunavyozungumzia mazoezi. Tumeyapima kwa kipimo kisichokuwa chake. Mizani haioni tofauti kati ya mafuta, misuli, maji na mfupa. Mtu akipunguza chakula tu, sehemu ya kilo zinazoondoka, mara nyingi kama robo, haitoki kwenye mafuta. Misuli nayo huondoka, na kwa mtu mzima wa makamo misuli iliyoondoka hairudi kirahisi.

Utafiti unaoonyesha hili vizuri kuliko wote ninaoufahamu ni wa Dennis Villareal, uliochapishwa mwaka 2011. Watu 107 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wote wanene na dhaifu kiasi, walifuatwa kwa mwaka mmoja. Kundi la chakula pekee lilipoteza asilimia 10 ya uzito, na lililounganisha chakula na mazoezi asilimia 9. Kwa mizani, sare. Kisha wakapimwa kwa mambo ambayo mzee huyafanya kila siku: kuinuka kwenye kiti, kupanda ngazi, kuokota kitu chini, kuvaa koti, kutembea. Waliopunguza chakula tu waliongeza alama zao kwa asilimia 12, waliofanya mazoezi tu kwa 15, na waliounganisha kwa 21. Waliopunguza chakula tu walipoteza asilimia 5 ya mwili usio mafuta. Waliounganisha walipoteza asilimia 3. Mfupa wa nyonga ulipungua msongamano kwa asilimia 3 kwa wa kwanza, na kwa asilimia 1 kwa wa pili.

Namfikiria bibi wa miaka 68 anayeambiwa kliniki apunguze kilo kumi kwa sababu ya magoti na presha. Akizipunguza kwa kuacha kula tu, atakuwa mwepesi, lakini paja lake litakuwa dhaifu zaidi na nyonga yake itakuwa karibu zaidi na kuvunjika. Akizipunguza huku akiinuka na kuketi kitini mara kumi, asubuhi na jioni, na kuinua dumu la lita tano kwa kila mkono, habari ni nyingine. Dumu lililojaa maji lina kilo tano hivi. Misuli haidai jimu, inachodai ni uzito unaoichosha kidogo na chakula chenye protini: dagaa, maharage, choroko, mayai, maziwa, samaki. Anayepunguza chakula kwa kuacha mboga na kitoweo huku akibakiza ugali amepunguza upande usiofaa.

Kazi ya pili ya mazoezi huonekana baadaye, mtu akishapungua. Kupungua ni jambo la miezi, kubaki umepungua ni la miaka, na wengi hushindwa pale pa pili. Mwili uliopungua hutumia nishati kidogo na huleta njaa zaidi. Mtafiti Ancel Keys aliliona hili Minnesota mwaka 1944 na 1945, alipowanyima chakula wanaume 36 waliojitolea hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao: walipoa, walipungua kasi, wakaota chakula usiku na mchana. Mtafiti mwingine, Kevin Hall, aliliona tena kwa washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito Marekani. Miaka sita baada ya shindano, miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa bado inaunguza takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa.

Kwa kipindi hicho jasho lina nguvu ambayo halina mwanzoni. Copenhagen, mwaka 2021, yalitolewa matokeo ya watu 195 waliokula kalori 800 tu kwa siku kwa wiki nane na kupungua wastani wa kilo 13.1. Baada ya hapo waligawanywa kwa mwaka mmoja. Waliopewa sindano zisizo na dawa ya kweli, kwa ajili ya kulinganisha, walirudisha kama kilo 6. Waliofanya mazoezi walirudisha kama 2. Waliochoma sindano za liraglutaidi, dawa ya ukoo mmoja na sindano za kupunguza uzito zinazovuma sasa, walibaki takriban palepale walipofika, na waliounganisha sindano na mazoezi waliendelea kupungua. Walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kila kitu kusitishwa, waliotegemea sindano peke yake ndio walioongezeka zaidi. Nalitaja hili kwa sababu sindano hizo zimeshafika kwenye maduka ya dawa ya miji yetu, na anayezitumia bila kusogea anajenga juu ya mchanga.

Kuhusu kufunga kwa saa kadhaa kila siku sina mengi. Jaribio la Guangzhou la mwaka 2022, lenye watu 139, liliwapa wote kalori pungufu na kuwataka nusu yao wale kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Baada ya mwaka, tofauti haikuwa ya maana. Kama kufunga kunakusaidia kula kidogo, funga. Ila anayefunga mchana na kufidia usiku kwa sambusa, vitumbua na juisi yenye sukari, jambo linalofahamika vizuri pwani wakati wa Ramadhani, hajapunguza kitu.

Kuna faida ya tatu ambayo haipiti kwenye mizani kabisa. Mpango wa kuzuia kisukari wa Marekani, uliotoa matokeo mwaka 2002, uliwafuatilia watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa huo. Kundi moja lilielekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Kisukari kilipungua kwa asilimia 58, wakati dawa ya metformini ilikipunguza kwa 31. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 haifiki hata kilo 6. Lakini kilichonigusa zaidi ni uchambuzi uliofuata: miongoni mwa walioshindwa kufikia lengo la uzito, wale waliofikia lengo la mazoezi walikuwa na visa vya kisukari pungufu kwa asilimia 44. Mizani iliwaambia wameshindwa, huku miili yao ikiwa imeshinda.

Haki inataka niseme na upande mwingine. Utafiti wa Look AHEAD uliwachukua Wamarekani 5,145 ambao tayari wana kisukari, ukaunganisha chakula na mazoezi kwa nguvu zote, na mwaka 2012 ukasimamishwa kwa kuwa mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua. Washiriki walipata mengine: walitumia dawa chache, walilala vizuri zaidi, walitembea kwa urahisi zaidi. Lakini anayeahidi kwamba kupunguza uzito ukiwa tayari na kisukari kutaukinga moyo wako anaahidi zaidi ya kilichothibitishwa.

Huku kwetu jambo hili si la watu wachache tena. Nchini Tanzania, wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 22 katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010, na asilimia 28 katika ule wa 2015 na 2016. Kenya walikuwa asilimia 25 mwaka 2008 na 2009, wakafika 33 mwaka 2014. Wengi wao si wavivu. Mama lishe aliyesimama jikoni tangu saa kumi alfajiri, akapepea moto, akabeba ndoo na kuosha sufuria hadi giza, hawezi kuambiwa kirahisi tu aende akakimbie. Kwake mabadiliko yanaanzia kwenye mafuta na sukari. Vijiko vitatu vidogo vya sukari kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni karibu kalori 200 ambazo hazikumshibisha. Mafuta yanayomiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu hayana kipimo, na kupima kwa kijiko huonyesha kwa siku moja tu kilichokuwa kikiingia sufuriani. Ushauri wa kumtaka apime gramu za wali unakuwa mgumu zaidi pale familia inapokula sinia moja, kwa kuwa hakuna anayejua amekula kiasi gani. Huko chungu chote ndicho kinachobadilika: nazi nyepesi, mboga nyingi, wali pungufu. Na mpishi asiachiwe vita hiyo peke yake, maana mara nyingi ndiye anayeambiwa apungue, na ndiye anayelaumiwa mchuzi ukikosa mafuta.

Karani anayeketi saa tisa ofisini na saa tatu kwenye foleni ana hali nyingine. Kwake jasho linakosekana kweli, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na kazi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili, unamhusu moja kwa moja. Vikundi vya jogingi vya Jumamosi vimefanya kazi nzuri ya kuwatoa watu ndani, ingawa ningependa supu ya mbuzi na chapati mbili zinazofuata zipungue.

Kisha kuna macho ya watu. Katika jamii iliyozika ndugu wengi waliokonda kwa UKIMWI, anayepungua haraka huulizwa anaumwa nini, na wapo wanaoacha wakiwa njiani ili kuepuka minong'ono. Mwendo wa nusu kilo kwa wiki, ukiandamana na mazoezi yanayoacha mabega yakiwa na nyama, humpa mtu muda wa kuzoeleka na wenzake.

Tahadhari hazikwepeki. Anayetumia insulini au glibenklamidi akipunguza chakula na kuongeza mazoezi kwa pamoja anaweza kushukiwa na sukari hadi kuzimia, hivyo dozi ijadiliwe na daktari kwanza. Mjamzito hapunguzi uzito. Mwenye magoti mabovu aanze na kutembea tambarare au kuogelea.

Kliniki zetu nazo zinaweza kubadilisha kitu kimoja kwa gharama ndogo sana. Leo mgonjwa anapanda mizani, namba inaandikwa kwenye kadi, anaambiwa ajitahidi. Ziongezwe namba mbili pembeni yake: mzunguko wa kiuno kwa futi ya fundi cherehani, na sekunde anazotumia kuinuka na kuketi kitini mara tano bila kushika kitu. Mwezi ambao mizani itakuwa imegoma, huenda mojawapo ya hizo mbili ikawa imesogea, na muuguzi atakuwa na cha kumwonyesha.